Hakuna Utani Chini ya Ndoano

Mgongo wangu ulistaafu kwanza, mimi nikaufuata. Sasa niko nyumbani Shinyanga, nafuga kuku, na wajukuu hawachoki kuniuliza bibi ulikuwa unafanya kazi gani. Nikiwaambia nilikuwa nakagua kreni wanaangua kicheko, wanadhani nilikuwa nawapikia chai wanaoziendesha. Chai nilipika pia, miaka ya mwanzo. Lakini haya nawaandikia ninyi mliobaki saiti Geita, hasa ninyi vijana mliokuwa mnanung'unika kwamba Mama Kulwa ni mkali, kakataza watu kutaniana kreni ikiwa na mzigo. Mlitii, ila sababu hamkuuliza. Nataka muijue kabla mmoja wenu hajaona kwamba sheria ya bibi imestaafu pamoja na bibi.

Shule yangu ni darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie mikato na nukta humu. Vyeo sitavitaja, na mshahara wangu mnaujua kwa kuuangalia wenu.

Kazi niliianzia Shinyanga mjini, kibarua wa kubeba kokoto kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa karibu na soko. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, nilikuwa nimetoka kuwaachisha ziwa, nikawaacha kwa mama yangu. Foremani aliniangalia toka kichwani mpaka kwenye kandambili akasema, "Mwanamke mwembamba hivi atabeba nini?"

Nikamwambia, "Mimi nimebeba wawili kwa mpigo. Wewe umebeba wangapi?"

Vibarua walicheka mpaka koleo zikaanguka. Akanipa karai.

Hapo ndipo nilipoiona kreni kwa karibu mara ya kwanza. Yenyewe haikunitisha. Kilichonitisha ni sisi tuliokuwa chini yake. Mzigo wa nondo unapita juu, na sisi tunapita chini na makarai, hakuna anayeinua macho. Mwenye karai kichwani hawezi kuangalia juu, akiangalia juu kokoto zinamwagika na foremani anamtukana. Nikawa najiuliza kila siku: kuna mtu anayeangalia juu kwa niaba yetu?

Alikuwepo. Aliitwa Mzee Ngasa, mfungaji wa mizigo na mkaguzi wa waya, mtu mfupi mwenye mikono kama mizizi. Alifanya kazi miaka mingi kwenye jineri, vile viwanda vya kuchambua pamba, kabla ya kuja kwenye majengo. Siku moja saa ya chakula nilikuwa nimekaa juu ya mviringo wa waya wa kreni nakula michembe yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mayu," akaniita, kama tunavyomwita mwanamke kwa heshima kwetu Usukumani, "umekalia roho za watu."

Nikaruka kama nimekalia siafu. Akachomoa mfukoni fungu la pamba, pamba mbichi ya shambani iliyokwisha kutolewa mbegu, akanionyesha. Unaushika waya na pamba, unaivuta polepole toka mwanzo mpaka mwisho. Waya wa kreni umesokotwa kwa nyuzi nyingi za chuma, na uzi mmoja ukikatika ncha yake inatokeza kama jino la panya. Jicho halilioni, grisi inalifunika. Kidole kitaliona, lakini kitaliona kwa damu. Pamba ndiyo inayoliona bila kuumia. Panapobaki kishungi, hapo pana jino.

"Chuma kinachotaka kukatika hakipigi hodi," Mzee Ngasa alisema. "Wewe ndiye ukiendee na hodi yako."

Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba. Nimeichuma, nimeibeba, nimelala juu yake. Sikujua kwamba ipo siku itanilisha bila kuilima. Nikamwomba anifundishe. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu nikiwa na karai siwezi kuangalia juu. Akaenda kuongea na foremani, na kesho yake karai akapewa mwingine.

Kishungi changu cha kwanza nilikipata kwenye waya ambao kila mtu alisema ni mzima. Mzee Ngasa alikiangalia, akasema, "Haya, umepata mbuzi wako wa kwanza." Basi. Hakunisifu zaidi ya hapo mpaka alipoacha kazi, na mimi kile kimbuzi nimekibeba moyoni mpaka leo.

Alinifundisha na ndoano. Ndoano inachoka kwa kufunguka mdomo, kama mtu mzee anayesinzia. Unaupima mdomo kila mara kwa kipimo kile kile, ukiona umeongezeka, ndoano hiyo haina kazi tena. Kile kilimi kinachozuia kamba isichomoke, kikilegea, kazi isimame. Na ndoano haichomelewi. Hili nalirudia kwa sababu mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kuunga kila kitu, jembe la ng'ombe, fremu ya baiskeli, kitanda cha mgonjwa na mgonjwa akiwa juu yake. Wakiona ndoano imelika, mikono inawawasha. Wakatalieni. Ndoano iliyochomelewa ni maiti iliyopakwa mafuta.

Baadaye nikahamia Kahama, mji ulipokuwa unapanda maghorofa kwa fujo. Huko alikuja mkaguzi wa serikali, injinia, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Nilimwona nikasema moyoni huyu ataogopa kuchafuka. Alilala chini ya kreni mgongo kwenye tope, akatoka anafanana na sisi. Alikuwa na dawa nyekundu ya kupuliza kwenye chuma, unaifuta, unapuliza nyeupe juu yake, na kama pana ufa, wekundu unajitokeza kama kovu. Akanionyesha ufa kwenye pini niliyoishika kila asubuhi. Pamba yangu isingeuona hata siku moja. Nikamwambia, "Mama, nifundishe." Akanifundisha, na akanifundisha kusoma jedwali la kreni, kwamba mkono wa kreni ukirefuka, nguvu yake inapungua. Nililisoma jedwali lile kama watu wanavyosoma Zaburi. Naye akaniomba pamba, akaondoka na fungu zima.

Ndipo nikaenda Geita.

Geita ardhi yake si ya kuamini. Mnajua wenyewe. Watu wamechimba dhahabu pale toka zamani, na kila mchimbaji alichimba duara lake, shimo la kushuka wima, akapata au akakosa, akalifukia juu juu akaondoka. Halafu mtu mwingine akaja akajenga banda la kuku juu yake. Halafu banda likaondoka, ukaja mradi. Kwa hiyo Geita mkaguzi haangalii juu tu. Nilikuwa naizunguka kreni ya matairi, naukagua kila mguu wake ule unaotokeza pembeni ukakanyaga magogo, napigapiga ardhi kwa nondo, nauliza majirani wazee. Watu wakaniita mganga. Nikawaambia mganga anachukua kuku, mimi nachukua tahadhari.

Huko ndiko nilikokutana na Baba Neema.

Baba Neema ni opereta wa kreni, Mgogo wa Dodoma, na kwa mikono sijaona wa kumfikia. Anaweza kukutulizia boriti ya chuma juu ya yai. Sasa mimi Msukuma, yeye Mgogo, na mnajua Wasukuma na Wagogo ni watani toka enzi za mababu. Siku ya kwanza tu aliponiona na helmeti alisema, "Kumbe kijakazi wangu amepotelea huku. Nani anakamua ng'ombe wangu?"

Nikamwambia, "Mtumwa wangu, nilikuacha unachunga, nani kakupa ruhusa ya kupanda juu?"

Ikawa hivyo miaka yote. Alikuwa mdogo kuliko wadogo zangu wote, na hakuwahi kuniamkia shikamoo. Na mimi sikuwahi kumwita Baba Neema. Yeye mtumwa wangu, mimi kijakazi wake. Nikila michembe anasema Wasukuma wanakula maganda ya viazi. Akila mlenda namwambia afute kidevu, konokono amepita. Msiba ukimpata mmoja, mwingine ndiye wa kwanza kufika na wa kwanza kuleta fujo kidogo mpaka wafiwa wacheke. Huo ndio utani, na asiyeujua anadhani tunagombana. Saiti nzima ilikuwa inaufurahia kama redio.

Siku yenyewe ilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya pale Geita. Tulikuwa tunajenga wodi mpya, na siku hiyo tunapandisha boriti za chuma za paa. Kreni ilikuwa ya matairi, imesimama katikati. Upande wa kulia lori lenye boriti. Upande wa kushoto ukuta wa wodi, mafundi wamekaa juu wanasubiri kuzipokea. Na nyuma ya ukuta, ng'ambo ya uzio wa mabati, baraza ya kliniki, kina mama wamejaa na watoto migongoni wanasubiri kupima uzito. Nilikuwa nimekagua waya, ndoano, miguu yote minne. Majirani niliwauliza. Walisema hapa hapajawahi kuchimbwa. Watu wa Geita wakisema hapajawahi kuchimbwa wana maana hawakuona wao.

Asubuhi ile utani ulikuwa umekolea. Nilikuwa nimekificha chombo cha mlenda cha Baba Neema kwenye debe la misumari, naye alikuwa ametangaza kwa saiti nzima kwamba kijakazi akigeuka mwizi anauzwa. Watu walikuwa wameshiba kicheko kabla ya chai.

Basi kina mama wa kliniki wakalalamika vumbi. Kibarua akaambiwa amwage maji kuizunguka kreni. Boriti ya kwanza ilikuwa imeshainuliwa toka kwenye lori, inaning'inia. Mimi nilikuwa naangalia maji. Ardhi nyekundu ya pale ukiimwagia maji yanakaa kwanza juu kama mchuzi kwenye sahani, ndipo yanywewe. Yalikaa hivyo kila mahali. Lakini kwenye mguu wa nyuma wa kushoto hayakukaa. Yalizunguka kidogo, yakashuka. Kibarua akamwaga tena, yakashuka tena, na nikasikia sauti kama mtu anameza.

Wekeni akilini jinsi kreni inavyofanya kazi. Boriti ikiwa upande wa lori, uzito unaukalia mguu wa kulia. Opereta akiuzungusha mkono wa kreni kuelekea ukutani, uzito wote unahamia mguu wa kushoto. Mguu ule ule uliokuwa unakunywa maji. Na kreni ikilala upande huo, inalala juu ya mafundi, na ncha yake inafika barazani.

Nikainua mikono yote miwili juu. Simama.

Akasimamisha, haki yake nampa. Halafu akatoa kichwa dirishani. "Kijakazi, mikono juu ya nini? Polisi wamekupata na mlenda wangu?"

Saiti nzima ikacheka. Mafundi wa juu ya ukuta wakacheka. Nikapiga kelele, "Shusha mzigo!"

"Nishushe ili ukalie kiti changu?"

"Shusha, mbwa wewe, unaua watu!"

Wakazidi kucheka. Hapo niliona kitu ambacho Mzee Ngasa hakunifundisha, na injinia wa Kahama hakunifundisha. Kwa mtani huna tusi la kumshtua. Tusi ndicho chakula cha utani. Ukipiga kelele, unaongeza chumvi. Ukilia, atalia na wewe kwa kuigiza. Kila nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa kimeshatumika kwa mchezo. Nikaona mkono wake umerudi kwenye usukani wa kuzungushia. Nikaona boriti inaanza kutikisika kuelekea kushoto.

Nikaacha kupiga kelele. Nikatembea mpaka mbele ya kibanda chake. Nikavua helmeti. Nikapiga goti kwenye lile tope jekundu, kama mwanamke wa Kisukuma anavyowaamkia wazee, nikakutanisha mikono.

"Shikamoo, Baba Neema."

Kicheko kilikatika kama kamba. Kila mtu alisikia. Bibi mzima, mwenye wajukuu, amempigia goti mtoto mdogo, tena mtani wake, amemwita kwa jina la mwanawe. Baba Neema hakuitikia marahaba. Rangi ya uso wake ilibadilika nikaiona toka chini. Mkono wa kreni ukatulia.

"Kuna nini?" akauliza, sauti ya mtu mwingine.

"Ardhi inakunywa maji. Mguu wako wa nyuma wa kushoto. Rudisha mzigo kwenye lori, polepole, njia ile ile uliyouleta. Ukutani usielekee."

Hakuuliza swali la pili. Aliirudisha boriti ile kama mtu anavyomlaza mtoto aliyechelewa kulala. Mafundi wakashuka ukutani bila kuambiwa. Boriti ilipolala kwenye lori na waya ukalegea, alizima mashine, akateremka, akaja kusimama karibu yangu. Mimi nilikuwa bado niko kwenye goti.

Ndipo magogo chini ya mguu ule yakainama. Yaliinama bila haraka, kreni ikiwa tupu, haina mzigo wowote. Udongo ukashuka pembeni yake, likafunguka shimo la kutosha ng'ombe. Mhandisi wetu kijana alikuja akatupa jiwe, tukasikia likigonga ukuta wa duara, likagonga tena, halafu hatukusikia tena.

Toka ng'ambo ya mabati mama mmoja akasema, "Jamani nyie, vumbi hilo tena!"

Mhandisi alifunga kazi siku hiyo. Duara likajazwa mawe na zege, kreni ikahamishiwa kwingine, na wodi ile imeisha, watoto wanazaliwa mle ndani kila siku. Mimi nikipita najisemea hawa ni wa kwangu nusu. Nisameheni, majivuno yangu ndiyo hayo, sina nyumba ya ghorofa ya kujivunia.

Jioni Baba Neema alinifuata nilipokuwa nanawa miguu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Mtani, ulinitisha. Ulivyopiga goti nilijua mama yangu amekufa, na umetumwa kuniambia."

Nikamwambia, "Mtani akikuheshimu ghafla, ujue pana msiba. Huu tumeuwahi."

Akainuka kwenye ndoo. Halafu akasema, "Mlenda wangu uko wapi, mwizi wewe?" Nikajua tumepona.

Basi sheria ikaanzia hapo. Ndoano ikiwa chini haina kitu, taniana mpaka ushibe. Ndoano ikiwa na mzigo, mdomo ni wa kazi tu. Na ile nyingine ambayo wageni walikuwa wanaishangaa, kwamba kwenye saiti yangu opereta akiwa kwenye kiti haamkiwi shikamoo hata awe babu yako. Mlidhani tumekosa adabu. Mmoja wenu alinishitaki kwa shangazi yake. Sababu ni hiyo. Shikamoo tuliiweka akiba. Anayeiona hatari ndiye anayeitamka, awe mhandisi, awe kibarua wa maji, na opereta akiisikia anasimama kwanza, anauliza baadaye. Redio ya mkononi huisha chaji. Kelele huzoeleka. Ila Mtanzania akisikia shikamoo sehemu isiyostahili, mwili wake wote unageuka.

Iliwahi kutamkwa tena mara chache baada ya hapo, na kila mara palikuwa na sababu. Hakuna aliyeichezea. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko waya zote nilizozikataa.

Siku ya kuniaga mlikuwepo wengi. Mliniandalia pilau na soda chini ya ile kreni ya mnara ya jengo jipya. Mlinipa kitenge na sufuria kubwa, kana kwamba nakwenda kuanza maisha. Mhandisi alisema maneno mazuri, nimesahau yote. Nilimkabidhi binti anayechukua nafasi yangu fungu la pamba, nikamwambia grisi haiombwi msamaha, ashike waya bila kuogopa kuchafuka. Baba Neema muda wote alikuwa juu kwenye kibanda chake, hajashuka. Nikasema sawa, mtumwa ameona haya kwa kukosa zawadi. Nikajiandaa na la kumwambia, na lilikuwa baya kwelikweli.

Akashuka ngazi ile ndefu, polepole. Watu wakampisha. Alikuja mpaka mbele ya kiti changu. Nikafungua mdomo nianze, akawahi. Alivua helmeti, akaishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Mama Kulwa," akasema. "Shikamoo."

Na mimi, nikiwa na sahani ya pilau mkononi, niliangalia juu. Mliangalia wote, niliwaona, wapishi na mhandisi na binti wangu wa pamba, saiti nzima shingo nyuma. Ndoano ilikuwa juu kabisa, tupu, kilimi kimefungwa, waya umetulia. Nikaikagua mara ya mwisho kuanzia juu mpaka chini, sikuona kasoro.

Ndipo nikaitikia, marahaba.